Kitenganishi cha Oili kwenye Ndege ya Kujijengea: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wajenzi wengi wa ndege ndogo huona aibu tumbo la ndege likiwa na utando mweusi wa oili kuanzia chini ya injini hadi mkiani, na dawa ya kwanza wanayotajiwa ni kufunga kitenganishi cha oili kwenye bomba la kupumulia. Kifaa chenyewe si kigumu. Ni kopo la alumini lenye mdomo wa kuingizia mvuke, mdomo wa kutolea hewa, na tundu la chini la kutolea kilichonaswa. Kigumu ni imani zilizokizunguka, na hapa Malindi, ambako kaskazi na kusi zote huvuma kutoka baharini na hewa haikauki, baadhi ya imani hizo zina gharama kubwa kuliko ambavyo zingekuwa nayo bara.

“Injini ikitema oili, kitenganishi ndicho dawa.”

Injini yoyote ya pistoni hupitisha sehemu ndogo ya gesi za mwako pembeni mwa ringi za pistoni, na gesi hizo huingia kwenye chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Zisipopata njia ya kutoka, shinikizo hupanda na oili hutafuta upenyo kwenye sili na gasketi. Bomba la kupumulia liliwekwa kwa ajili hiyo. Gesi zinapotoka hubeba matone madogo yaliyorushwa na krenki inayozunguka, na kazi ya kitenganishi ni kuzipunguza mwendo, kuzizungusha au kuzigongesha kwenye vibao, ili matone yaungane na kudondoka chini. Gesi zenyewe hakizipunguzi hata kidogo.

Kwa hiyo ringi zikiwa zimechoka, kitenganishi kitasafisha tumbo la ndege na papo hapo kuficha dalili ambayo fundi angeiona kwa macho. Kabla ya kununua chochote, pima silinda kwa hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu kabisa, vali zote zikiwa zimefungwa, na propela ikishikiliwa imara, kisha usikilize. Mlio ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zinapitisha. Ukisikika kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea moshi. Ukisikika upande wa kabureta, ni vali ya kuingizia.

Jambo jingine halihitaji hata spana. Injini ya Lycoming O-360 ya nguvu farasi 180 ina sampu (chombo cha oili chini ya injini) ya takriban lita 7.6, na wenyewe wengi wameona kwamba ukiijaza hadi alama ya juu, lita ya kwanza hutupwa nje haraka, kisha kiwango hutulia. Mtu anayejaza kila asubuhi mpaka alama ya juu anailisha hewa ya bahari oili yake mwenyewe. Kwa injini hiyo, kanuni ya Lycoming ya ulaji wa oili hutoa kikomo cha kama lita 0.55 kwa saa, na kikomo hicho ni cha injini iliyokaribia kuhitaji kufunguliwa, wala si cha injini yenye afya.

“Kilichonaswa ni oili, basi kirudishwe kwenye injini.”

Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Petroli ina haidrojeni, na haidrojeni ikiungua hugeuka maji. Lita moja ya petroli huzalisha takriban lita moja ya maji. Injini ya O-360 ikinywa lita 35 kwa saa inatengeneza maji ya kiasi kama hicho, karibu yote yakitoka kwenye ekzosi yakiwa mvuke. Sehemu ndogo hupenya kwenye ringi pamoja na gesi nyingine, ikifuatana na asidi na mabaki ya madini ya risasi yaliyomo kwenye petroli ya ndege. Ikifika kwenye kopo la alumini lililopoa kuliko injini, mvuke huo huwa maji, sawasawa na vile oili inavyokuwa matone.

Asiyeamini na afunge chupa chini ya kitenganishi badala ya kurudisha, kisha baada ya safari chache amimine kilichomo kwenye gilasi na kukiacha mpaka asubuhi. Juu patakaa oili, chini maji machafu yenye harufu kali, na katikati tabaka zito lenye rangi ya chai ya maziwa ambalo halitaki kuachana. Fundi wa boti za dizeli akiliona tabaka hilo atasema, “Bwana, hii oili imekunywa maji,” wala hatahitaji kuelezwa kuhusu ndege ili ajue kwamba kitu hicho hakifai kurudi kwenye beringi.

Wanaotetea kurudisha wana hoja yao, na si ya kupuuzwa: oili ikiwa moto ipasavyo, maji yaliyorudi hugeuka mvuke tena na kutoka. Hoja hiyo ni sahihi kwa ndege inayoruka mara kwa mara, safari ndefu, joto la oili likifika nyuzi 82 za Selsiasi au zaidi. Haisaidii ndege inayoruka dakika ishirini hadi ufukweni na kurudi, na haisaidii kabisa ile ambayo mwenyewe huiwasha chini kila Jumapili “ili isilale”. Kuiwasha chini hutengeneza maji bila kuyaondoa. Ndani ya Lycoming kamshafti, mhimili wenye nundu za kufungulia vali, hukaa juu ya krenki. Ndege ikisimama, oili huteremka na kuziacha nundu za kamshafti wazi, unyevu ukiwa ndani. Kutu huanzia hapo, na kwa hewa yetu haichelewi. Kwa maoni yangu, ndege inayokaa Malindi au kisiwani Manda, jirani na Lamu, na isiyoruka kila wiki ifungiwe chupa, na chupa imwagwe kila baada ya safari. Oili inayopotea kwa njia hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kamshafti.

“Bomba kuziba kwa barafu ni shida ya Wazungu.”

Nusu yake ni kweli. Joto la hewa hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja ya kimo, hivyo siku yenye nyuzi 30 ufukweni hewa itafika kiwango cha kuganda karibu na mita 4,600, kimo ambacho ndege nyingi za kujijengea hazikifikii katika safari za pwani. Nchi za baridi maji hayohayo huganda kwenye ncha ya bomba, shinikizo likapanda, sili ya mbele nyuma ya propela ikasukumwa nje, na oili yote ikamwagika. Ndiyo sababu mafundi wa huko hutoboa tundu dogo kwenye bomba, ndani ya kifuniko cha injini ambako kuna joto, ili gesi zipate njia ya pili.

Ila sili haijui kilichoziba ni nini. Huku kwetu nyigu wa udongo wanapenda kujenga kwenye matundu ya bomba la kipenyo hicho, na ndege iliyofunikwa kwa wiki kadhaa ni nyumba waliyotayarishiwa. Tundu la dharura ni la lazima hata pwani, na ukifunga kitenganishi hakikisha kwamba bomba jipya linalotoka kwenye kopo nalo linalo, kwa sababu lile la zamani mara nyingi huondolewa pamoja na bomba la zamani. Zaidi ya hayo, chungulia ncha ya bomba kabla ya kila safari.

“Kadiri unavyojaza nyuzi za chuma ndani, ndivyo linavyonasa zaidi.”

Hunasa zaidi, na huziba zaidi pia. Nyuzi za kusugulia masufuria hukatika vipandevipande, huota kutu, na palipo na bomba la kurudishia vipande hivyo vina njia ya moja kwa moja hadi kwenye injini. Kopo lenye vibao vilivyochomelewa, linalofunguka ili lisafishwe, linatosha.

“Kinachofaa kwa Lycoming kinafaa kwa Rotax.”

Hakifai, na kosa hili ni la hatari. Rotax 912, injini nyingine ya ndege ndogo, haihifadhi oili chini ya injini. Ina tangi la pembeni, wala haina pampu ya kuirudisha oili kwenye tangi hilo. Kinachoirudisha ni shinikizo lilelile la gesi zilizopenya kwenye ringi, na ndiyo sababu mwenye Rotax huzungusha propela kwa mkono, upande wake wa kawaida, mpaka tangi litoe mlio wa kugugumia, ndipo apime kiwango. Pumzi ya mfumo mzima hupitia bomba la juu ya tangi. Ukibana bomba hilo kwa kopo lenye midomo myembamba, umegusa mzunguko wa oili wenyewe. Tangi la Rotax tayari hufanya kazi ya kutenganisha. Akiona tumbo lachafuka, mwenyewe aanze kwa kuangalia kama amejaza kupita kiasi.

“Peleka bomba kwenye ekzosi, uchafu wote utaungua.”

Wapo wanaofanya hivyo, wakiweka vali ya njia moja katikati, na tumbo la ndege kweli hubaki safi. Tatizo ni kwamba oili inayoungua kwenye chuma chenye moto mkali huacha masizi magumu, masizi hujazana ndani ya kipande cha mwisho cha bomba, na vali hukwama. Aliyechagua njia hii amejipa kazi ya kufungua na kukwangua kwa ratiba, na asipoitimiza anarudi palepale pa bomba lililoziba.

“Mahali pa kulifunga hapana neno.”

Pana maneno mengi. Bomba linalotoka kwenye injini lipande mfululizo hadi kwenye kopo, bila bonde, kwa sababu oili ikituama kwenye bonde gesi italazimika kuisukuma. Kopo likae kwenye ukuta unaotenga injini na rubani, mbali na mabomba ya ekzosi. Injini hutikisika juu ya raba zake ilhali ukuta hautikisiki, hivyo mpira wa kuviunganisha uachiwe ulegevu kidogo, na uwe wa kustahimili oili na joto. Mpira wa rejeta ya gari huvimba ndani, na kwa nje huonekana mzima. Kopo lenye bomba la kurudishia lipandishwe juu vya kutosha ili uzito wa oili ushinde shinikizo lililomo ndani ya chumba cha krenki, la sivyo oili haitateremka bali itajaa na kutoka kwa mdomo wa juu. Ncha ya nje nayo ina siri yake: ikikatwa mshazari ikitazama mbele, upepo wa safari huongeza shinikizo, ikitazama nyuma, hufyonza, na ikifyonza mno huchota oili pamoja na gesi.

Kazi ikikamilika, iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za injini, na uzito wa kopo uingizwe kwenye hesabu ya mizani ya ndege. Kisha pimeni wawili, mmoja kwenye kiti cha rubani akikanyaga breki na mwingine mbali kabisa na propela. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uukunje kama herufi U, utie maji nusu, na ncha moja uiunganishe kwenye mdomo wa kijiti cha kupimia oili kwa kifuniko kilichotobolewa, U yenyewe ikifungwa ndani ya chumba cha rubani. Soma tofauti ya vimo vya maji injini ikizunguka kwa nguvu, kwanza bila kitenganishi na baadaye kikiwa kimefungwa. Ongezeko lote utakaloliona ni mzigo ulioletwa na kopo pamoja na mabomba yake. Likiwa la kuonekana wazi, tafuta kopo lenye midomo mipana zaidi kabla ndege haijaondoka chini.