Je, Wajua Kwa Nini LSD Hulevya Mchana Kutwa?

Inasemwa sana kwamba mtu aliyeonja LSD, dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe, hata mara moja hubaki nayo kwenye uti wa mgongo au katika mafuta ya mwili maisha yake yote, na kwamba maruweruwe yanayomrudia miezi kadhaa baadaye ni masalia yanayovuja kidogo kidogo. Madai hayo hayahimili hata hesabu nyepesi. Kiasi kinacholevya ni kidogo mno: Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi aliyeitengeneza mwaka 1938, alimeza robo ya miligramu tarehe 19 Aprili 1943 akidhani ameanza kwa tahadhari, naye akalewa hadi akahofu kwamba anaingiwa na wazimu. Ini huivunja dawa hiyo, na kila baada ya takriban saa 3 kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa nusu, hivyo siku mbili baadaye haibaki hata sehemu moja katika elfu. Hakuna akiba ya kuvuja.

Hata hivyo, wanaosema maruweruwe huwarudia hawazushi. Madaktari huitambua hali hiyo kuwa ugonjwa: mtu asiye na dawa yoyote mwilini huona vitu vinavyosogea vikiacha mkia, taa zikizungukwa na duara la mwanga, au hewa ikijaa chembechembe, na dalili hizo humsumbua kiasi cha kumharibia kazi au masomo. Si wengi wanaoupata. Inashukiwa kwamba ubongo umebadilika katika namna unavyochuja taarifa za macho, ingawa ushahidi wake bado ni mwembamba.

La ajabu zaidi ni kwamba chembe hiyo ndogo hulevya kwa saa 8 hadi 12. LSD hufanya kazi kwa kukalia vipokezi vya serotonini, yaani sehemu zilizo juu ya seli za ubongo ambazo hupokea kemikali hiyo inayopeleka ujumbe kati ya seli, hasa kile kiitwacho 5-HT2A. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha umbo la LSD ikiwa ndani ya kipokezi cha jamii hiyo, wakaonyesha kwamba sehemu ya kipokezi hujikunja juu yake kama kifuniko. Ni sawa na mgeni aliyeingia chumbani, mlango ukajifunga nyuma yake: hatoki kwa kuchoka kukaa, bali husubiri mlango ucheze na kuacha upenyo, na muda wote huo mwenyeji analazimika kumhudumia. Watafiti walipokilegeza kifuniko hicho katika seli za maabara, LSD ilitoka upesi zaidi.

Maelezo hayo yanavutia, lakini yasipewe uzito kupita kiasi. Kipokezi kilichopigwa picha kilikuwa 5-HT2B, ndugu wa kile kinachohusika zaidi na maruweruwe. Isitoshe, mwaka 2023 watafiti wa Basel, Uswisi, waliripoti kwamba waliojitolea kupewa LSD, kisha wakapewa ketanserini, dawa inayoziba vipokezi vya 5-HT2A, saa 1 baadaye, walilewa kwa takriban saa 3 na nusu badala ya 8 na nusu. Kama dawa hiyo hufaulu kumwondoa mgeni mapema hivyo, huenda mlango haujakaza kama ulivyodhaniwa, na muda wa ulevi unatokana pia na LSD ambayo bado inazunguka katika damu.

Katika huduma ya kawaida ya dharura, matibabu ni sahili kuliko kemia yake. Aliyelewa huwa na mboni zilizopanuka, moyo unaokwenda mbio na pengine hofu kali. Huwekwa mahali tulivu penye mwanga hafifu, pamoja na mtu wa kumtuliza kwa maneno, na akizidiwa na taharuki hupewa dawa ya kutuliza ya jamii ya benzodiazepini. Vipimo vya kawaida vya mkojo havitafuti LSD, kwa hiyo daktari hutegemea maelezo na dalili. Tena si kila kinachouzwa kwa jina hilo ndicho: dawa za kundi la NBOMe, ambazo zimewahi kuuzwa kama LSD, zimeua watu. Mgonjwa akipata degedege au joto lake likipanda sana, daktari hushuku sumu nyingine na kuanza kumpoza mara moja.