Korona inapitia wapi kuingia kwenye seli? Maswali ya baraza la Mikindani

Bibi mmoja hapa Mikindani, Mtwara, aliacha vidonge vyake vya presha baada ya kusikia kwamba "korona inapitia kwenye presha". Alikaa wiki mbili bila dawa. Aliponieleza, tuliketi barazani kwake na majirani wakasogea, kila mmoja na swali lake.

Mwanangu, huyu mdudu anaingiaje mwilini wakati sina hata kidonda?

Hahitaji kidonda, bibi. Anakuja na hewa au mikono, akipitia puani, mdomoni au machoni. Lakini kufika puani bado si kuingia. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando, na juu ya utando huo zimejitokeza protini zenye kazi mbalimbali. Zile zinazopokea vitu kutoka nje tunaziita vipokezi. Kirusi hakitembei wala hakisukumi. Kinaelea tu mpaka miiba yake, yaani protini zilizochomoza juu yake, iguse kipokezi inachoweza kukishika. Kwa kirusi cha Uviko-19, kipokezi hicho kinaitwa ACE2. Puani zipo seli zenye ACE2, na ndiyo maana ugonjwa huanzia huko mara nyingi.

Dada nesi, kikishashika ndiyo kimeingia?

Bado. Aliyeuliza ni mbanguaji wa korosho, kwa hiyo nilimjibu kwa kazi yake: korosho ikiwa na ganda lake haijawa chakula. Mwiba wa kirusi nao una sehemu iliyofichwa ndani, na lazima ubanguliwe kwanza. Anayebangua ni sisi wenyewe. Seli zetu zina kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kukata, kiitwacho TMPRSS2, kinachokaa juu ya utando, nacho huukata mwiba. Ile sehemu ya ndani huchomoza, hujichoma kwenye utando wa seli, kisha hujikunja na kuvuta utando wa kirusi na wa seli mpaka viungane, kama matone mawili ya mafuta yanavyoungana juu ya mchuzi. Hapo maelekezo ya kirusi yanamwagika ndani, na seli inaanza kutengeneza virusi vingine.

Pasipo na TMPRSS2, seli huweza kukimeza kirusi kizima kwenye kifuko, na vimeng'enya vya humo vikafanya kazi hiyohiyo. Linaniuma kila ninapolieleza: kirusi hakiji na kisu, kinatumia chetu.

Basi kwa nini tusiiondoe hiyo ACE2?

Kwa sababu tunaihitaji. Wanasayansi waliitambua mwaka 2000, miaka mingi kabla ya Uviko-19. Mwilini kuna kemikali iitwayo angiotensini II inayobana mishipa ya damu na kupandisha presha. ACE2 huivunja na kuigeuza kuwa kemikali inayolegeza mishipa. Ipo mapafuni, moyoni, kwenye figo na utumbo.

Sasa, bibi, hapa ndipo ulipochanganywa. Dawa za presha kama captopril na enalapril huzuia protini nyingine iitwayo ACE. Majina yanafanana, kazi ni mbili tofauti. Mwaka 2020 hata madaktari walijiuliza kama dawa hizi zinaongeza milango ya kirusi. Brazili wakafanya utafiti kwa wagonjwa 659 waliolazwa na Uviko-19: wengine waliendelea na dawa hizo au za jamii ya losartan, nazo ni za presha, wengine wakasimamishiwa kwa muda. Walioacha hawakupata nafuu zaidi ya walioendelea. Presha isiyotibiwa, kwa upande wake, inaleta kiharusi. Nenda kituo cha afya wakupime, uanze tena vidonge vyako.

Korona zote zinapita hapohapo?

Hapana. Ile ya SARS iliyotikisa Asia mwaka 2003 ilitumia ACE2, na NL63, inayoleta mafua ya kawaida, nayo hivyo. Lakini MERS, iliyogunduliwa mwaka 2012 huko Saudi Arabia na inayotoka kwa ngamia, hushika kipokezi kingine kiitwacho DPP4. Kwa binadamu DPP4 ni chache puani, ipo zaidi chini mapafuni. Ndiyo sababu mojawapo MERS inaua wengi kati ya wanaougua lakini haisambai kirahisi kutoka mtu hadi mtu.

Kujifukiza kunaziba milango?

Hakuzibi, na mvuke wa sufuria umeunguza watu. Sabuni ndiyo inayofaa, mikononi: kirusi kimevaa utando wa mafuta, sabuni inaupasua.

Na chanjo je?

Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi, zinazoganda kwenye ncha za miiba, kirusi kikashindwa kushika ACE2. Kirusi kinapobadilika, ncha hizo hubadilika pia, na kingamwili za zamani zinashika vibaya. Ndiyo maana aliyechanjwa anaweza kuugua. Ila mwili una seli nyingine za ulinzi zinazotambua seli iliyokwisha kuvamiwa na kuiua kabla haijatoa virusi vingi, na hizo hazidanganyiki kirahisi na mabadiliko ya miiba.