Nembo ikishaidhinishwa: faili za kumkabidhi mteja

Mteja akishasema ameipenda nembo, kazi bado ipo. Nembo hiyo itapita mikononi mwa watu usiowajua: fundi wa mabango, mtengeneza tovuti, mdarizi wa fulana, katibu anayeandaa barua kwenye Word. Kila mmoja wao ataomba nembo, na mteja atamtumia faili ya kwanza atakayoiona kwenye simu yake. Ndiyo maana simuulizi mteja kama anataka PNG au SVG. Namuuliza nembo itakaa wapi, kisha aina za faili nachagua mwenyewe.

Faili mama lazima iwe vekta. Vekta huhifadhi mistari na mikunjo kwa hesabu, kwa hiyo ukiikuza hadi ukubwa wa ukuta haipati ukungu. PNG na JPG huhifadhi pikseli, yaani vijisanduku vidogo vya rangi, na pikseli zikiisha zimeisha. Kutoka vekta unatoa PNG ya ukubwa wowote kwa sekunde chache. Kutoka PNG kurudi kwenye vekta ni kuchora upya.

Vekta ninazokabidhi kila mara ni mbili: PDF kwa wachapaji na SVG kwa tovuti. PDF hufunguka kwenye karibu kila kifaa, hata simu ya mteja, na hubeba rangi za uchapaji. SVG husomwa na vivinjari moja kwa moja, na nembo ya kawaida huwa na uzito wa kilobaiti chache tu. EPS naitoa ikiombwa na mchapaji mwenye mashine au programu za zamani. Fomati hiyo haiwezi kubeba uwazi nusu, yaani rangi inayoonyesha kilicho chini yake, na tangu mwaka 2017 Microsoft ilizima uwezo wa kuiingiza kwenye Office kwa sababu za usalama. Faili ya AI inamfaa mwenye Illustrator, programu ya Adobe ya kuchora vekta. Kwa mteja wa kawaida ni faili isiyofunguka.

Jihadhari na vekta za uongo. Mtu anaweza kuchukua PNG, akaibandika ndani ya PDF au SVG na kuihifadhi. Jina la faili litasema vekta, ndani ni pikseli zilezile. Kwa PDF, kuza hadi asilimia 6400 utazame ukingo wa herufi: ukiona ngazi za vijisanduku, hiyo ni picha. Kwa SVG, ifungue kwenye programu ya kuandikia maandishi matupu. Ukikuta neno «base64» likifuatiwa na msururu mrefu wa herufi zisizosomeka, kwa kawaida kuna picha iliyofichwa humo.

Kabla ya kuhamisha faili

Geuza maandishi yote kuwa maumbo. Kwenye Illustrator ni Ctrl+Shift+O, kwenye Inkscape, programu nyingine ya kuchora vekta, ni Ctrl+Shift+C. Usipofanya hivyo, kompyuta isiyo na fonti yako itaweka fonti nyingine, na nembo itachapwa kwa herufi usizozichagua bila onyo lolote kumfikia mteja. Ila hifadhi kwanza nakala yenye maandishi yanayoharirika, maana siku mteja atakapotaka kubadili neno moja utaihitaji.

Mistari nayo igeuze kuwa maumbo. Mstari wa pointi 2 unaweza kubaki pointi 2 hata nembo ikipunguzwa mara kumi, kutegemea mipangilio ya programu ya anayeipunguza. Kwenye bango hutaona tofauti. Kwenye mhuri wa sentimita 3, mstari huohuo huziba matundu ya herufi zote.

Halafu unganisha maumbo yanayopandana yenye rangi moja. Hili husahaulika kwa sababu kwenye skrini halionekani: duara jeusi na mstatili mweusi vikilaliana, jicho huona umbo moja. Mashine ya kukata stika haioni rangi, inafuata kingo. Kisu kitapita ukingo wa duara, kisha kitapita ukingo wa mstatili katikati ya duara lilelile, na stika itabanduka vipande vipande. Ili kukagua, washa mwonekano wa mistari mitupu (Ctrl+Y kwenye Illustrator). Mstari wowote unaokatiza ndani ya umbo ni mahali kisu kitakapopita.

Rangi na nyeusi ya uchapaji

Skrini hutumia RGB (mwanga mwekundu, kijani na buluu), uchapaji hutumia CMYK (wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa asilimia). Usiachie mashine ya mchapaji ikugeuzie rangi. Buluu kali ya RGB (0, 0, 255) haipo kwenye wino wa kawaida. Ikigeuzwa yenyewe huelekea zambarau, na mteja atadhani mchapaji amekosea. Igeuze mwenyewe, irekebishe kwa macho, kisha uandike namba zake. Kama mteja ana uchapaji mwingi unaotaka rangi ileile kila mara, mwongezee namba ya Pantone, mfumo wa wino uliochanganywa tayari na kupewa namba.

Nyeusi ndiyo inayoharibu kazi nyingi kimyakimya. Nyeusi ya RGB ikigeuzwa kwa mpangilio wa kawaida wa Photoshop kwa uchapaji wa Marekani huwa mchanganyiko wa 75, 68, 67 na 90: wino nne, jumla asilimia 300. Karatasi ikisogea hata kidogo kati ya wino mmoja na mwingine, herufi ndogo huzungukwa na vivuli vya pinki na buluu. Kwenye PDF ya uchapaji, nyeusi ya maandishi ya nembo iwe 0, 0, 0, 100.

Pamoja na rangi kamili, toa nembo nyeusi tupu na nyeupe tupu, bila kijivu wala kivuli. Mhuri, uchongaji wa leza na stika za kukata kwa kawaida haziwezi kutumia rangi mpito, yaani rangi inayofifia polepole kuelekea nyingine. Kwa udarizi, mashine inahitaji faili ya mishono, mara nyingi DST, na hiyo huandaliwa na fundi mwenyewe kutoka kwenye vekta yako kwa kuzingatia kitambaa na ukubwa. Usijaribu kuitoa kwa programu ya kubofya mara moja.

Ukubwa wa PNG, na ile hoja ya «300»

Wateja huambiwa waombe nembo ya 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi), lakini namba hiyo peke yake haisemi kitu. PNG yenye upana wa pikseli 1000 ina pikseli 1000, iwe imeandikwa 72 au 300. Kwenye skrini hazitofautiani hata chembe. Cha muhimu ni pikseli ngapi zinaingia kwenye sentimita ngapi. Gawa upana wa sentimita kwa 2.54 upate inchi, kisha zidisha kwa 300. Nembo ya sentimita 4 kwenye kadi ya biashara inahitaji pikseli 472 hivi. Bango la mita 3 kwa kiwango hichohicho lingehitaji pikseli 35,433. Hapo ndipo unapomwambia mteja atume PDF.

Mimi hutoa PNG mbili kwa kila toleo: ya upana wa pikseli 3000, ambayo kwa 300 inatosha inchi 10 za karatasi, na ya 1000 kwa Word na slaidi. Zote ziwe na mandharinyuma wazi, na zikatwe hadi ukingoni mwa nembo. Nafasi tupu ikibaki pembeni, katibu ataisogeza nembo kwenye kona ya barua na bado itaonekana imekaa katikati ya hewa.

JPG naitoa moja tu, yenye mandharinyuma nyeupe, kwa mifumo inayokataa kingine. Fomati hii hubana picha kwa vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 na ilikusudiwa picha za kamera. Kuza JPG ya nembo mara nne uangalie kando ya herufi: utaona vumbi la kijivu pale nyeusi inapokutana na nyeupe. Kila anayeihariri na kuihifadhi tena huongeza vumbi hilo.

Picha za wasifu kwenye mitandao ya kijamii tengeneza kwa pikseli 1024 kwa 1024, kwa alama pekee bila jina refu. Mingi ya mitandao hiyo hukata picha kuwa duara. Mraba unaoingia salama ndani ya duara hilo ni takriban asilimia 70 ya upande, yaani pikseli 724. Chochote kilicho nje ya hapo kiko hatarini kukatwa. Hapa weka rangi ya nyuma, kwa sababu penye uwazi programu hujaza rangi yake.

Kwa tovuti ongeza aikoni: 32 kwa 32 kwa kichupo cha kivinjari, 180 kwa iPhone, 192 na 512 kwa Android. Ile ya 32 usiipunguze tu kutoka kubwa. Ichore upya ikiwa nyepesi, na mistari iangukie kwenye pikseli nzima. Mstari ukikaa nusu kwa nusu kati ya pikseli mbili hugeuka kijivu. Kwa sahihi ya barua pepe tumia PNG, si SVG, kwa sababu Gmail haionyeshi SVG ndani ya barua. Itengeneze kwa upana mara mbili ya utakaoonekana.

Majina, na njia ya kutuma

Jina la faili limwambie mtu asiyejua ubunifu: «jina-mlalo-nyeupe-skrini.png», «jina-wima-rangi-uchapaji.pdf». Usiweke nafasi wala neno «mwisho». Folda ziwe tatu: Uchapaji, Skrini, Mitandao. Toleo jeupe liweke kwenye folda yake ndogo ndani ya hizo na uandike kwenye jina «kwa-mandharinyuma-nyeusi», la sivyo mteja atalifungua juu ya skrini nyeupe na kukuandikia kwamba umemtumia faili tupu.

Funga yote kwenye zipu moja. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati. PNG ikitumwa kama picha hubanwa na kugeuzwa JPG, uwazi unapotea, na nembo inamfikia fundi ikiwa na kisanduku nyuma yake. Mwambie mteja naye aisambaze hivyohivyo, na uandike maelekezo hayo kwenye ukurasa mmoja wa PDF ndani ya zipu, pamoja na namba za rangi za HEX (msimbo wa rangi unaotumika kwenye tovuti), RGB na CMYK.