Kiswahili anasoma, Kiingereza kinamkwama: huenda ni disleksia

Mtoto wa darasa la tatu anasoma "baba analima shamba" polepole, lakini bila kukosea. Mpe sentensi fupi ya Kiingereza: anaangalia herufi ya kwanza, anabahatisha neno, kisha ananyamaza. Kwenye ripoti anaandikiwa "hajitumi". Wengi wa namna hii si wavivu hata kidogo.

Disleksia ni ugumu wa kujifunza kusoma; si ugonjwa wa macho wala upungufu wa akili. Ugumu uko katika kutenganisha sauti ndogondogo za neno na kuzioanisha na herufi. Hurithiwa pia, dodosa nyumbani, huenda ukasikia baba au mjomba naye kusoma kulimtesa.

Kiswahili humsitiri mtoto huyu. Irabu ni tano, kila moja na sauti yake, hivyo ba-be-bi-bo-bu humfikisha mbali, na dalili inayobaki ni kasi ndogo tu. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti takriban 44. Herufi a pekee hutamkwa kwa namna nne katika cat, cake, ball na car.

Ndiyo maana kuimbisha darasa "si-ei-ti, kati" (c-a-t, cat) hakumsaidii: majina ya herufi hayaungani yakawa neno. Marekani, tangu miaka ya 1930, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walijenga njia ya kuanza na sauti, hatua kwa hatua, macho, masikio na mkono vikifanya kazi pamoja. Vifaa vya gharama havihitajiki. Sahani ya mchanga inatosha: mtoto achore herufi kwa kidole huku akitamka sauti yake, aunganishe cat, kisha abadilishe herufi ya mwanzo apate mat, sat, hat. Herufi b na d msizifundishe wiki moja. B ikae kwanza. Maneno korofi kama said na was yaje machache machache. Robo saa kila siku inafaa kuliko saa mbili za Jumamosi.

Na tafadhali, walimu, msimsimamishe ghafla asome mbele ya wenzake. Kwenye sayansi msomeeni swali, ajibu kwa mdomo.

Mzazi, kama mwisho wa darasa la pili bado anasilabisha kila neno la Kiswahili, usingoje Kiingereza kimuumbue. Apimwe macho na masikio kwanza, kisha muone mwalimu wa elimu maalumu. Kenya kuna vituo vya EARC, vya kupima mahitaji ya mtoto kielimu. Beba madaftari yake ya mwaka mzima, hata yaliyochanika, kwa kuwa makosa yanayojirudia humo ndiyo mpimaji anayoyatafuta.