Nguo Bado Mbichi: Maswali na Majibu kuhusu Kufua, Kuanika na Afya ya Nyumbani

Masika yakiingia Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, kamba ya kuanikia inatutesa kuliko beseni. Maswali haya nimeulizwa na majirani na ndugu zangu kwa miaka kadhaa, na karibu yote yanarudi palepale: nguo imekunjwa, imevaliwa au imehifadhiwa ikiwa bado mbichi.

Nafua vizuri na sabuni naweka ya kutosha, lakini mwanangu akitoka jasho kidogo tu, sare inanuka uvundo. Nakosea wapi?

Dada yangu, kosa lako haliko kwenye kufua, liko kwenye kukausha. Harufu ile inatoka kwa bakteria. Kufua kwa mkono na maji baridi kunawapunguza, hakuwamalizi. Wanaobaki wanakula jasho na mafuta ya ngozi yaliyong'ang'ania kwenye nyuzi, na nguo ikishinda mbichi wanazaliana. Ikikauka wanatulia na harufu inapotea. Mtoto akicheza mapumziko, kwapa likilowa, wanaanza upya. Ndiyo maana sare inanukia vizuri saa moja asubuhi na kufikia saa nne haikaliki karibu.

Usilaze nguo kwenye ndoo usiku kucha. Nusu saa hadi saa moja ya kuloweka inatosha. Usizidishe sabuni ya unga ukidhani ndiyo usafi, kwa sababu isiyosuuzika inabaki kwenye kitambaa na kushika uchafu. Suuza mpaka maji yasiwe na povu, kamua kwa nguvu, kung'uta, kisha uanike kwa nafasi. Nguo mbili zikilaliana kwenye kamba, zinakauka pole pole mno. Taulo na soksi za pamba zinazonuka, ziloweke kwenye maji ya moto kabla ya kufua.

Kabla ya kukunja, usipime kwa kiganja katikati ya shati. Chukua mshono wa kwapa, kola au mkanda wa kaptula, uweke shavuni. Ukihisi ubaridi, nguo ni mbichi, hata kama mgongo wake umekauka kau. Mimi nilichelewa kulijua hili, na kabati langu zima lilivunda msimu mmoja wa mvua.

Ukilazimika kuanika ndani, usianike chumba anacholala mtu mwenye pumu. Unyevu unaotesha ukungu ukutani na kwenye godoro, na ukungu unaamsha pumu. Anika sebuleni, fungua madirisha, washa feni kama ipo.

Vile vidoa vyeusi vidogo kwenye taulo na kola, vinatoka?

Huo ni ukungu. Ukiuwahi, ipige nguo brashi nje, uifue, uianike juani. Nguo nyeupe ya pamba inavumilia jiki. Ya rangi au ya sufu haivumilii. Ukungu uliokaa miezi unaacha doa la kudumu, na sioni sababu ya kuiteketeza nguo kwa dawa ili doa lifutike. Ikiwa imefuliwa, imekauka na hainuki, ivae.

Mtoto ana uvimbe kama jipu mgongoni, una tundu katikati, na anasema kuna kitu kinamchezea ndani. Bibi yake anasema ni nguo. Kweli?

Bibi yuko sahihi. Kuna nzi ambaye kitaalamu anaitwa Cordylobia anthropophaga. Anapenda kivuli. Anataga kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai yanaanguliwa baada ya siku 1 hadi 3. Funza anayetoka ni mdogo mno, anasubiri kwenye nguo, na ikivaliwa anapenya ngozi bila mtu kuhisi. Huyu si yule funza wa vidole vya miguu. Ndani ya ngozi anakua kwa siku kama 8 hadi 12, ndipo unaona uvimbe wenye tundu ambalo anapumulia.

Usimkamue kwa nguvu akiwa bado ndani, maana akipasuka uvimbe unaweza kuota usaha. Mpeleke mtoto zahanati. Huko mara nyingi wanaziba tundu kwa mafuta mazito ya kupaka ili funza akose hewa na kujitokeza, ndipo wamtoe taratibu.

Kinga yake ni pasi. Pasi ya moto, ya mkaa au ya umeme, inaua mayai na funza wachanga. Piga pande zote mbili na ukazie mishono, mikanda na chupi, kwa sababu chupi tunaziruka tukiona hazionekani. Nepi za kitambaa na shuka za mtoto zipigwe pasi bila kukosa. Na usianike majanini, hata kama jua ni kali.

Jiki ikichanganywa na dawa ya choo, si inasafisha zaidi?

Hapana, tena ni hatari. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na mkojo uliokaa, kama kwenye ndoo ya nepi, inatoa gesi nyingine inayobana kifua. Suuza nepi kwa maji matupu kwanza, ndipo utumie jiki, mlango ukiwa wazi. Ukihisi macho yanawaka na kikohozi kinakujia, acha kila kitu, toka nje. Jiki ikirukia machoni, osha kwa maji safi dakika 15 mfululizo, kisha nenda hospitali.

Nguo za mtoto mchanga nimezihifadhi na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu. Nizifue tu?

Usimvalishe kwanza, tafadhali. Vidonge vile mara nyingi ni naftalini. Baadhi ya watoto, hasa wa kiume, wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya (protini ya mwilini) kinachoitwa G6PD, na hali hii imeenea zaidi kwenye maeneo ya malaria. Naftalini inavunja chembe nyekundu za damu yao, mtoto anapata manjano, na manjano makali yanaweza kuharibu ubongo. Wengi hawajulikani kama wanao upungufu huo mpaka waugue. Zifue, uzianike hewani siku kadhaa, na zikinuka bado, tafuta nyingine. Macho au ngozi ya mtoto ikigeuka njano, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Na chandarua nacho nikianike juani?

Chandarua ndicho pekee nisemacho kianikwe kivulini. Jua kali linaharibu dawa iliyomo. Kifue kwa sabuni ya mche na maji ya kawaida, usikisugue, usitie jiki, na usikifulie mtoni wala ziwani, kwani dawa ile inaua samaki. Kinatengenezwa kustahimili kufuliwa mara 20 hivi, kwa hiyo kifue kikichafuka kweli, si kila wiki pamoja na mashuka.