Kabla ya kuomba chuo, kagua ithibati ya programu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, steshenari za Kigoma mjini, Kasulu na Tabora hujaa vijana wanaoomba vyuo. Wazazi huuliza, "Chuo hiki kinatambulika?" Ni swali la msingi, ila halitoshi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hutoa ithibati, yaani idhini rasmi, kwa chuo, kisha kwa kila programu peke yake. Chuo cha umma, hata kiwe kikubwa namna gani, hakiruhusiwi kudahili kwenye programu ambayo Tume haijaipitisha.

Sisi wa udhibiti ubora vyuoni tunaijua safari ya mtaala. Idara huuandika baada ya kuwasikiliza waajiri, unapita kwenye ndaki, yaani kundi la idara, na Seneti, chombo kikuu cha taaluma chuoni, ndipo unafika TCU. Huko huangaliwa sifa za walimu, maabara na mzigo wa masomo. Shahada ya miaka mitatu haitakiwi kupungua krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, semina, maabara na kujisomea. Mwaka mmoja ni saa 1,200. Anayekuahidi shahada ya mkato hana pa kuzipata saa hizo.

Mahali pa kuhakiki ni mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka kwenye tovuti yake, bure. Soma mstari wa programu mpaka mwisho: jina, msimbo, muda, na hasa sifa za kujiunga. Tazama pia ni chuo kipi. DUCE ya Chang'ombe na MUCE ya Iringa ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini kila kimoja kina programu zake na misimbo yake.

Kwenye sifa ndipo wengi wanapoumia. Katika matokeo ya kidato cha sita A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kwa jumla mwombaji anahitaji masomo mawili yenye pointi zisizopungua 4, lakini programu nyingi hudai zaidi. Udaktari wa binadamu, kwa miongozo ya miaka ya karibuni, hutaka pointi 6 za Fizikia, Kemia na Baiolojia, na angalau D katika kila somo. Kijana mwenye C ya Kemia, C ya Baiolojia na E ya Fizikia ana pointi 7, na bado hana sifa. Inauma mzazi wa Urambo anapouza tumbaku alipie ada za maombi katika vyuo vitatu, vyote kwa kozi hiyohiyo isiyowezekana, wakati zipo programu nyingine za afya na sayansi ambazo mtoto wake angepokelewa.

Zipo taaluma ambazo shahada pekee haitoshi. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu wa sheria anayetaka uwakili hupitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

Kwa waliosoma Burundi au Kongo, jambo ambalo Kigoma ni la kawaida, anzeni mapema. Cheti cha sekondari hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kupata ulinganifu, yaani uthibitisho wa kiwango chake hapa Tanzania; stashahada hupelekwa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na shahada TCU. Fanyeni hivyo kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kwa sababu chuo hakitaweza kushughulikia maombi yenu bila ulinganifu huo.