Samakigamba si jina la kiumbe mmoja

Wifi yangu ameanza kupunguza wanga, na juzi akanitumia ujumbe wa sauti kwa furaha: "Samakigamba wote hawana wanga hata chembe, kula mpaka ushibe." Alikuwa ameshanunua chaza, wako kwenye beseni, ndimu zimekatwa. Sentensi hiyo nimeshaisikia mara nyingi mwaka huu, sokoni, kliniki, hata harusini. Leo niiandikie kidogo.

Maana kwanza, kwa haraka. Kula wanga kidogo ni kupunguza kabohaidreti za siku nzima. Wengi wanahesabu kuwa wamepunguza wakishuka chini ya gramu 130 kwa siku, na wanaofuata keto hushuka zaidi, kati ya gramu 20 na 50. Samakigamba nalo ni neno la vitabuni, limeundwa ili kubeba neno moja la Kiingereza linalokusanya kamba, kaa, kambakoche, chaza, kome, kombe, na mara nyingi hata pweza na ngisi.

Tatizo langu ni hilo neno lenyewe.

Gamba kwa Kiswahili si kitu kimoja. Samaki ana magamba, yale unayoyapara kwa kisu yakarukia ukutani na kukauka huko. Nyoka hujivua gamba. Kobe hutembea na gamba lake. Sasa mtu akisikia "samakigamba" kwa mara ya kwanza atafikiria nini? Atafikiria changu na tasi, na ana haki. Jaribu kwa Msabato. Yeye anafuata Walawi 11, na huko kinacholiwa katika vya majini ni chenye mapezi na magamba. Kamba hamgusi, kaa hamgusi, chaza hamgusi. Mwambie kuna mchuzi wa samakigamba atavuta kiti akae, maana kwa masikio yake umemtajia samaki halali. Neno limemwambia kinyume kabisa cha kilichomo kwenye sufuria.

Tena hao si samaki. Kaa ana miguu kumi ukihesabu na magando yake, chaza hana hata kichwa. Mtu wa pwani hajawahi kuwaweka kapu moja. Nenda mnadani asubuhi uulize samakigamba, utaulizwa nawe: unataka kamba au unataka kaa? Kila mmoja ana jina lake, msimu wake na mtu wake. Kamba wa nyavu huja na wavuvi. Kombe na chaza kwa sehemu kubwa ni kazi ya akina mama wanaoshuka maji yakikupwa, ndoo mkononi, kisu kiunoni, wakawabandua kwenye mawe na mizizi ya mikoko. Na hilo jina kombe tazama lilivyo na ukoo: ni kiumbe mwenye vipande viwili vya gamba, ni sahani kubwa, ni maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani akanyweshwa mgonjwa, na mtoto wake ni kikombe cha chai unachokishika kila siku. Lugha iliyotunza yote hayo haikuwa na shida ya kuwatofautisha wa baharini.

Na tofauti hiyo ndiyo inayoamua hesabu ya wanga.

Kamba, kaa na kambakoche ni ukoo mmoja, krasteshia. Nyama yao karibu haina wanga: nusu kilo ya kamba waliomenywa haikufikishi gramu 5. Watu hubisha kwa kuwa kamba wabichi na kaa ni watamu mdomoni. Utamu ule unatokana zaidi na glisini, kijenzi cha protini, wala si sukari.

Chaza, kome na kombe ni ukoo mwingine, moluska, na pweza na ngisi ni ndugu zao. Hawa wanga wanao. Katika gramu 100 za nyama mbichi, pweza ana kama gramu 2, ngisi kama 3, kome karibu 4, na chaza wa Pasifiki anafika 5. Ukiwapika maji yakatoka, nyama inasinyaa na hesabu kwa kila gramu 100 inapanda, inaweza hata kukaribia mara mbili.

Kwa nini chaza ashinde? Mfikirie maji yanapokupwa. Samaki huondoka na maji, chaza amebandikwa pale pale kwenye mzizi. Anafunga vipande vyake kwa nguvu, jua linampiga, hewa safi haimfikii, na anatakiwa aishi hivyo mpaka maji yajae tena. Anaishi kwa akiba, na akiba yake ni glaikojeni, dutu ambayo Claude Bernard wa Ufaransa aliitenga kutoka kwenye ini mwaka 1857 na ambayo mpaka leo huitwa wanga wa wanyama. Binadamu naye anayo, kwenye ini na misuli. Chaza hujaza zaidi kabla ya msimu wa kuzaa, ndipo anapokuwa mnene, mweupe kama tui zito. Akishazaa hukonda na akiba hupungua, kwa hiyo hata chaza na chaza hawalingani.

Kuna jambo jingine hapa ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Gamba la kamba, lile unalolitupa, limejengwa kwa kitini, ambayo yenyewe ni kabohaidreti. Gamba la chaza ni madini ya chokaa. Yaani kwa kamba kabohaidreti iko nje unakotupa, kwa chaza iko ndani unakokula. Halafu neno moja linawaita wote samakigamba!

Vile vijiti vyekundu vya "kaa" kwenye majokofu ya supamaketi siviweki upande wowote. Ni samaki aliyesagwa akaongezwa wanga na sukari, na gramu 100 zake zinaweza kuwa na wanga gramu 15. Kaa hayumo, au yumo kwa harufu. Na kamba aliyegaragazwa kwenye unga wa ngano kabla ya kukaangwa, ule unga uhesabu, usimsingizie kamba.

Basi wifi, chaza wako kula, ni chakula kizuri, wana zinki na chuma kwa wingi. Ila usiseme samakigamba, sema chaza. Wabandue, weka nyama peke yake kwenye ule mzani wako mdogo wa jikoni, na ikisoma gramu 200, pale kwenye daftari ulipoandika sufuri andika 10.